Malkia Aliyemjibu Msifu Wake: Kumbukumbu za Marguerite de Valois

Katika semina moja ndugu yetu mmoja alisimama akatuambia, bila kupepesa macho, kwamba tawasifu si fasihi. Kwa maoni yake, anayesimulia maisha yake hana cha kubuni wala mhusika wa kuumba, na kama ni mtu wa ikulu basi ndiyo kabisa: anajisafisha tu mbele ya watu. Baadhi yetu walicheka, wengine wakapiga makofi. Mimi nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na mfano mkononi. Sasa ninao, na makala haya ni jibu langu lililochelewa. Ndugu yule anivumilie.

Mfano wenyewe ni Marguerite de Valois. Wengi wetu tukisikia jina la Malkia Margot tunamkumbuka yule wa riwaya ya Alexandre Dumas ya mwaka 1845, au yule wa filamu ya Patrice Chéreau ya 1994: mwanamke mrembo, wapenzi tele, sumu, mapanga, na kichwa cha mpenzi aliyekatwa shingo. Nami nilianzia huko huko. Niliandika insha nzima juu ya Margot wa Dumas na nikapewa alama nzuri, kabla sijajua kwamba mwanamke mwenyewe aliacha kitabu. Nilipokipata katika tafsiri ya Kiingereza nilidhani nitakuta udaku wa Dumas ukisimuliwa na mwenyewe. Sikuukuta. La Mole, ambaye riwaya imemfanya kuwa pendo kuu la maisha yake, anapitiwa kwa maneno machache tu, kama mtu aliyepoteza maisha katika njama za mwaka 1574. Basi.

Tuyapitie maisha yake haraka. Alizaliwa tarehe 14 Mei 1553, binti wa Mfalme Henri II wa Ufaransa na Catherine de Médicis. Kaka zake watatu walirithiana kiti cha enzi. Tarehe 18 Agosti 1572, akiwa na miaka 19, aliozwa kwa Henri wa Navarre, kiongozi wa Waprotestanti, ndoa iliyokusudiwa kuzima vita vya dini. Siku sita baadaye, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, Waprotestanti waliofika Paris kwa ajili ya harusi hiyo walichinjwa. Mwaka 1585, akiwa amekosana na mume na pia na kaka yake mfalme, alikimbilia mji wa Agen, wenyeji wakamtoa. Mwaka 1586 alikamatwa, akapelekwa katika ngome ya Usson, juu ya mlima huko Auvergne, chini ya ulinzi wa markizi wa Canillac. Baada ya muda si mrefu markizi aliondoka na ngome ikabaki mikononi mwa mfungwa wake, ila Paris hakurudi mpaka mwaka 1605. Katikati ya miaka hiyo, 1599, ndoa ilibatilishwa. Mumewe wakati huo alikuwa amekwisha kuwa Henri IV, mfalme wa Ufaransa yote. Ni huko Usson, karibu na mwaka 1594, ndiko alikoandika Kumbukumbu zake.

Mtu ataniuliza: uhamisho gani huo, ndani ya nchi yake mwenyewe? Nami nitamjibu kwamba kwa mtu aliyezaliwa katika kasri, kuondolewa mbele ya mfalme ndiko kuhamishwa kwenyewe, hata kama hujavuka bahari. Mwingine, tena wa karibu zaidi, ataniuliza kwa nini nisiandike juu ya Bibi Salme wetu wa Unguja, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Swali ni la haki. Lakini Salme alisema anawaandikia watoto wake. Marguerite alikuwa na msomaji wa namna nyingine kabisa, na hapo ndipo penye sanaa yake.

Msomaji huyo ni Brantôme, askari na mtu wa ikulu wa siku nyingi, aliyekuwa ameandika sifa za malkia huyu: uzuri wake, mavazi yake, akili yake, masaibu yake. Sifa tupu. Mwanamke aliyeko kileleni mwa mlima, asiye na mume wa kumtetea wala kaka, analetewa picha yake imepakwa dhahabu. Mtu wa kawaida angeshukuru akanyamaza. Yeye anachukua kalamu na kumwambia bwana yule kwa heshima zote: umekosea. Kwanza anaikataa sura. Anatoa mfano wa bibi mmoja, Madame de Randan, ambaye tangu afiwe na mumewe hakujitazama kwenye kioo. Siku moja akaiona sura yake kwa bahati katika kioo cha mtu mwingine, akauliza yule ni nani. Hebu tulitafakari hilo. Mwandishi anaanza tawasifu yake kwa mwanamke asiyejitambua. Halafu ndugu yetu anasema hapa hapana jazanda!

Baada ya hapo anaorodhesha mahali ambapo Brantôme hakupata habari sahihi, ukiwemo mji wa Agen na jinsi Canillac alivyoondoka pale ngomeni. Ndiyo kusema malkia anamhakiki mhakiki wake. Na anamalizia kwa unyenyekevu ambao mimi siuamini hata kidogo: anasema maandishi yake ni kama mtoto wa dubu, ambaye watu wa zamani waliamini kuwa huzaliwa donge lisilo na umbo mpaka alambwe apate sura. Kazi hiyo ya kulamba anamwachia Brantôme. Yeye eti anatoa malighafi tu, kazi ya mchana mmoja baada ya chakula.

Brantôme hakumlamba dubu yule. Alifariki mwaka 1614, malkia akafuata tarehe 27 Machi 1615, na kitabu kikachapishwa mwaka 1628 bila mkono wa fundi yeyote juu yake. Kwa hiyo donge tunalosoma ndilo lake, na ukilisoma unaona kwamba lina umbo tangu mwanzo. Kule kumkabidhi mwanamume kazi ya kulitia sura ilikuwa ni njia ya kuingia uwanjani bila kupigiwa kelele. Mwanamke wa karne ya 16 hakuweza kusema tu "mimi ni mwandishi."

Sasa tuje kwenye usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Agosti, kurasa ambazo peke yake zingetosha kumpa jina. Msimulizi hajui chochote. Waprotestanti hawamwambii neno kwa kuwa yeye ni Mkatoliki; Wakatoliki hawamwambii kwa kuwa ameolewa na Mprotestanti. Yuko chumbani kwa mama yake. Dada yake Claude anamshika mkono, analia, anamsihi asiende kulala. Mama anamkaripia Claude na kumwamuru Marguerite aende. Anakwenda akiwa na hofu asiyojua ni ya nini. Kitanda cha mumewe kimezungukwa na mabwana thelathini au arobaini asiowajua, wanazungumza usiku kucha juu ya Amirali Coligny aliyejeruhiwa. Alfajiri mume anatoka, ati anakwenda kucheza tenisi ya enzi hizo mpaka mfalme aamke. Yeye anaona hatari imepita, anamwambia yaya afunge mlango, analala.

Saa moja baadaye mtu anagonga kwa mikono na miguu akiita jina la Navarre. Yaya anafungua akidhani ni bwana wa nyumba. Anaingia mtu ana majeraha ya upanga na mkuki, nyuma yake askari wanne. Anajitupa kitandani, anamshika malkia, wote wawili wanaanguka upande wa pili wa kitanda wakipiga kelele, kila mmoja akiwa na hofu sawa na mwenzake. Na hapo, ndugu msomaji, anaingia Nançay, mkuu wa walinzi, akawakuta katika hali ile, na ijapokuwa anamwonea huruma, hawezi kujizuia kucheka.

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya nirudie kurasa zile mara tatu. Mwandishi wa kujisafisha angekifuta. Dumas anatupa mapenzi mahali pale. Marguerite anatupa mwanamke aliyelowa damu ya mtu asiyemjua, na afisa anayecheka. Anabadilisha nguo, anavikwa joho, anapelekwa chumbani kwa dada yake, na akiwa njiani bwana mmoja anachomwa mkuki hatua tatu kutoka alipo. Anaelekea kuzimia. Hakuna hotuba wala laana. Usimulizi unakwenda kwa mwendo wa mtu anayekimbia, naye hajipi ujuzi alioupata baadaye. Kuuficha ujuzi huo kwa makusudi, miaka zaidi ya ishirini baada ya tukio, kama si ubunifu ni nini?

Lakini nisije nikaonekana nimeuza dhamira yangu kwa ikulu. Wale wenzetu wanaopenda kuuliza kuhusu matabaka wana hoja, na hoja yao ni nzito. Maelfu walikufa Paris siku zile: mafundi, wachuuzi, wajakazi, watoto, wengi wakitupwa mto Seine. Kitabuni humo hawamo. Wanaookolewa na malkia ni mabwana: yule aliyeingia chumbani, na baadaye wengine wawili waliokuja kumwomba awaokoe. Mji mzima unachinjwa na kamera, kama ingekuwako, isingetoka nje ya kasri. Hiyo ni kasoro ya msimamo, na sitaki kuifunika kwa kusema "ndivyo walivyokuwa wakati huo." Yaya aliyefungua mlango tunamwona kwa nukta moja, halafu anatoweka. Ningetoa nusu ya kurasa za safari ya Flanders ya mwaka 1577, pamoja na karamu zake zote, ili nimsikie yaya yule.

Hata hivyo mipaka ile ile inatuonyesha jambo ambalo riwaya haituonyeshi: mwanamke wa tabaka tawala naye ni mali. Siku chache baada ya mauaji mama yake anamwita, anamtaka aape kama mumewe ni mwanamume kamili, maana kama siye ndoa inaweza kuvunjwa. Marguerite anajibu, kwa kejeli tamu, kwamba yeye ni kama yule mwanamke wa Kirumi aliyedhani harufu mbaya ya kinywa cha mumewe ni ya wanaume wote. Hawezi kujua tofauti. Lakini kwa kuwa wamekwisha kumweka pale, ni afadhali abaki. Alitambua kwamba kumtenga na mumewe ilikuwa njia ya kumdhuru mume huyo.

Mahali pengine pa kuonja ustadi wake ni pale kaka yake mdogo anapotoroka Louvre mwaka 1578 kupitia dirisha la chumba chake Marguerite. Kamba inateremshwa, watu wanashuka mmoja mmoja, kisha wajakazi wanaitupa kamba motoni ili kupoteza ushahidi. Kamba ni nene mno, bomba la moshi linashika moto, na walinzi wanakuja kugonga mlango wapate kuuzima! Kitu kilichokusudiwa kuficha ndicho kinachotangaza. Mimi nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikatazamwa.

Limebaki suala la ukimya. Mwaka 1576, mumewe alipotoroka Paris, Marguerite alizuiliwa chumbani mwake Louvre, na anasema wazi kwamba ni katika kifungo kile ndipo alipoanza kupenda kusoma. Anakishukuru karibu. Lakini juu ya kifungo kirefu, cha Usson, anakoandikia, hatoi hata sura moja. Maandishi tuliyonayo yanakatika mwaka 1582, akiwa bado Nérac, kabla ya Agen, kabla ya Canillac, kabla ya yote yale aliyomwahidi Brantôme kuyasahihisha. Wapo wanaosema sehemu iliyobaki ilipotea, wapo wanaosema haikuandikwa. Vyovyote iwavyo, mhakiki anasoma kilichopo, na kilichopo ni kitabu cha uhamishoni ambamo uhamisho hauonekani ila katika maneno machache ya utangulizi. Hauelezwi, unafanya kazi. Ndio unaompa umbali wa kumtazama msichana wa miaka 19 akishuka ngazi kwenda kulala.

Pengo aliloliacha lilijazwa na wengine. Mwaka 1607 iliandikwa paskwili ya kumchafua, ikiorodhesha wapenzi wake, na orodha hiyo ndiyo iliyotembea miaka mingi mpaka mikononi mwa waandishi wa riwaya. Yeye mwenyewe, mwaka 1614, mwaka mmoja kabla ya kufa, alikuwa bado anabishana kwa maandishi na padri Mjesuiti juu ya ubora wa wanawake. Barua hiyo ni fupi, kurasa chache tu. Ndugu wa semina akipenda nitampa nakala yangu, maana tuna muhula mzima mbele yetu.