Kupiga na Kupokea: Mieleka ya Maeda na Fujinami

Wapenzi wa ushairi waliozoea kukuta katika kurasa hizi mijadala ya vina na mizani huenda wakajiuliza mieleka ya Wajapani imeingiaje humu. Jibu langu ni fupi: imeingia kwa mlango ule ule wa mashairi ya kujibizana. Huko nako watu wawili hukutana mbele ya hadhara, kanuni zimekwisha kukubaliwa kabla hawajafungua kinywa, na wala hakuna anayethubutu kusema kwamba neno linalochoma halichomi ati kwa kuwa limefungwa kwa kina.

Mchezo ninaotaka kuutazama ulifanyika tarehe 12 Juni 1986 katika ukumbi wa Osaka-jo, mjini Osaka, baina ya Akira Maeda na Tatsumi Fujinami. Ulikuwa mmoja wa michezo ya mashindano ya IWGP, yaliyoandaliwa na kampuni ya New Japan Pro-Wrestling.

Tuanze na lile ambalo wengi hulitanguliza kama shutuma. Mieleka ya kulipwa, Japani kama Marekani, mwisho wake hujulikana na wenyewe kabla kengele haijalia. Wajapani wana neno lao la mchezo wa kupangwa, yaocho, na husimuliwa kuwa asili yake ni muuza mboga mmoja wa zama za Meiji, Chobei, aliyekuwa akicheza go na mzee mmoja wa sumo na kujishindisha kwa makusudi ili mteja wake asinune, biashara isije ikaharibika. Nalipenda neno hili kwa kuwa limebeba duka zima ndani yake, mizani na mboga na tabasamu la uongo. Mfasiri hana pa kulishikia. Lakini tuangalie: Chobei alikuwa akimdanganya mwenziwe waliyekaa naye ubao mmoja. Katika mieleka hakuna anayemdanganya mwenziwe. Wawili waliomo ulingoni wanajua yote, na kila mmoja amemkabidhi mwingine shingo yake. Huo si uongo wa muuza mboga. Ni jambo jingine, na ni aibu kwa wahakiki kwamba halijapatiwa jina zuri.

Mwaka 1984 baadhi ya wanamieleka wa New Japan, Maeda miongoni mwao, walihamia chama kipya kilichoitwa UWF. Yoshiaki Fujiwara, Nobuhiko Takada na Satoru Sayama, yule aliyekwisha kupata sifa chini ya barakoa ya Tiger Mask, wakakutana naye huko. Mtindo waliouzaa ulikuwa kwanza ni mtindo wa kukataa. Walikataa mtu kurushwa kwenye kamba akarudi mbio kama mpira uliogonga ukuta. Walikataa kupanda juu ya nguzo na kuruka, huku aliye chini akingoja kwa adabu aangukiwe. Wakabakiza mateke yanayofika, makofi, kabali, na ukunjaji wa mkono, goti na kifundo cha mguu kama viungo hivyo vinavyokunjwa na mtu mwenye nia ya kuvivunja. Mwisho uliendelea kupangwa. Njia ya kuufikia ndiyo iliyofanywa ngumu. Ni mfano wa mshairi aliyejinyima yale maneno ya kujazia mizani, ambayo sote tunayajua na sote tumeyatumia.

UWF haikudumu. Ilifunga milango mwaka 1985, na mwanzoni mwa 1986 Maeda na wenziwe walirejea New Japan na ukaidi ule ule waliondoka nao. Antonio Inoki, mwanzilishi wa kampuni, hakupambana na Maeda peke yao hata mara moja baada ya kurejea huko. Mwezi Aprili mchezo wa Maeda na André the Giant ulivunjika mbele ya watazamaji: André alikataa kushirikiana, Maeda akaishia kumpiga mateke ya miguu, na mwishowe lile pandikizi la mtu likalala chali bila ya mshindi kupatikana. Hali ilikuwa hiyo. Palikuwa na mtu mwenye lugha yake, na kila aliyeletwa mbele yake ama haielewi ama hataki kuisema.

Fujinami alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1953 katika mkoa wa Oita, na jina lake lilivuma Januari 1978 alipotwaa ubingwa wa uzito mdogo wa WWWF katika Madison Square Garden, New York. Alipendwa kwa wepesi na uzuri wa umbo. Ungemtazama juu juu ungesema huyu ndiye hasa mfano wa mieleka ambayo Maeda aliidharau. Kumbe wote wawili walipitia mikono ya mwalimu mmoja, Karl Gotch, mzaliwa wa Antwerp aliyenolewa katika ukumbi wa Billy Riley kule Wigan, Uingereza, ambako ukunjaji wa viungo ulifundishwa bila ya mzaha. Kwa hiyo Fujinami hakuwa mgeni wa lugha ya Maeda. Aliijua vyema, ila hakuiona kuwa ndiyo lugha pekee duniani.

Hapo ndipo utamu wa mchezo unapoanzia. Sehemu kubwa ya mwanzo ni ya chini, mikono ikitafuta kifundo, mguu ukitafuta pa kujibana. Mtazamaji aliyelelewa na mieleka ya Marekani atachoka hapa, na simlaumu. Hata beti za mwanzo za utenzi humchosha asiyejua kwamba zinamwekea msingi. Kisha wanasimama, na Maeda anaanza kupiga mateke. Ni mrefu, ana asili ya karate, na yuko nyumbani: Osaka ndiko alikozaliwa. Mateke yanatua mapajani, yanatua kifuani, na sauti yake si ya jukwaa.

Jicho la kawaida humfuata anayepiga. Mimi naomba tumtazame anayepigwa. Fujinami hakwepi. Hajikunji kabla ya pigo, wala hatangulii kuanguka ili kumpunguzia mwenziwe kazi. Anasimama wima, anauacha mguu ufike ulikokusudia, halafu ndipo mwili unajibu. Katika skuli ya Inoki waliyolelewa wote wawili, kupokea kulihesabiwa kuwa nusu ya ufundi. Mwanafunzi alifunzwa kuanguka kabla ya kufunzwa kuangusha. Lakini kupokea teke la kuigiza na kupokea teke la Maeda ni mambo mawili. Kwa kukubali kupigwa vile, Fujinami alifanya jambo ambalo André hakulifanya: alilisadiki neno la mpinzani wake. Alisema kwa mwili kwamba mtindo huu una maana, kwamba unauma, na kwamba unastahili kujibiwa. Akaujibu kwa mtindo wake mwenyewe bila ya kuuiga wa Maeda. Ndivyo afanyavyo malenga bora anaporushiwa shairi: huvichukua vina vya mwenziwe, hoja akaleta yake.

Baadaye Fujinami yuko kwenye kona. Maeda anazunguka na kumrushia teke la juu, na mguu unampasua karibu na jicho. Damu inamtiririka usoni. Tangu hapo kila kitu kinabadilika, ijapokuwa kanuni ni zile zile. Ukumbi unapiga kelele za namna nyingine, na Fujinami anaendelea kupokea.

Mwisho una kasoro, na sioni sababu ya kuuficha. Wawili hao wanarusha miguu kwa wakati mmoja, wanagongana, wanaanguka wote, na mwamuzi anawahesabia hadi wote wanashindwa kuinuka. Sare ya namna hii ilikuwa desturi kuukuu ya waandaaji wa Japani walipotaka nyota wawili watoke bila ya mmoja kupungua thamani. Ni hesabu za ofisini. Mchezo uliofika pale ulipofika ulistahili mshindi, na ningeridhika na yeyote. Hata hivyo lazima nikiri kuwa, kwa sare za kupangwa, hii haikuingizwa kwa nguvu. Kwa zaidi ya dakika 20 walikuwa wakielekea kugongana.

Tofauti ya kupiga na kupokea ilionekana wazi zaidi mwaka uliofuata. Tarehe 19 Novemba 1987, katika ukumbi wa Korakuen jijini Tokyo, Riki Choshu alikuwa amemkamata miguu mwenziwe Maeda, mikono yake yote miwili ina kazi. Maeda akaja kwa nyuma na kumpiga teke la uso. Mfupa wa kando ya jicho ukavunjika. Maeda alisimamishwa, na mwaka 1988 akafukuzwa. Wapo mashabiki waliolisifu teke lile kwa kuwa lilikuwa la kweli. Siwezi kukubaliana nao. Mguu ni ule ule, mtu ni yule yule, na jeraha liko karibu mahali pale pale. Lakini Fujinami aliliona linakuja na akalikubali, ilhali Choshu hakupewa nafasi ya kukubali wala kukataa. Mtu anayedhani ukweli wa mieleka umo katika mfupa uliovunjika ataliweka la Korakuen juu ya la Osaka. Kwangu la Osaka ndilo sanaa, na lile jingine ni dhara tu.

Yaliyofuata yanajulikana. Maeda aliiunda upya UWF mwaka 1988, ikasambaratika, na mwaka 1991 akaanzisha RINGS. Wafuasi wengine walikwenda mbali zaidi: Masakatsu Funaki na Minoru Suzuki walianzisha Pancrase mwaka 1993, na huko mapambano hayakuwa tena ya kupangwa. RINGS nayo iligeukia mapambano halisi, kisha ikafungwa mwaka 2002. Wengi husimulia historia hii kana kwamba ni safari ya kutoka uongoni kwenda kwenye ukweli, na mchezo wa Osaka ni kituo cha njiani. Sidhani. Katika mapambano halisi kila mmoja ana haki, tena ana wajibu, wa kukataa kupokea. Ufundi aliouonyesha Fujinami hauna kazi huko.

Baada ya mchezo Maeda alisema kwamba alidhani yuko katika kisiwa kisicho watu, kumbe alikuwa na mwenzake humo. Mtu aliyetoka kumpasua mwenziwe uso ndiye aliyeyasema hayo, na aliyasema juu ya huyo huyo aliyempasua.

Atakayeupata mkanda wa mchezo huu asiwe na haraka ya kufika kwenye damu. Auanze tangu kengele ya kwanza, na Maeda anapoinua mguu, jicho lake alielekeze kifuani kwa Fujinami.