Mwezi wa Pili Juu ya Kaze: Neno Kuhusu Hadithi za Kubuni Zipendwazo na Vijana

Walimu na mapadre hutuuliza mara kwa mara la kufanya juu ya vitabu vya hadithi ambavyo vijana huvisoma kwa kujificha: hadithi za wapelelezi na majambazi, hadithi za mapenzi, na hadithi za vyombo vya ajabu viendavyo angani. Wako wanaovinyang'anya na kuvitia motoni. Wako pia wanaoviacha vipite, wakisema kwamba heri kijana asome upuuzi kuliko asisome kabisa. Sisi twaona ya kuwa mashauri haya mawili yana kasoro moja, nayo ni kwamba kitabu chenyewe hakikufunguliwa wala hakikupimwa. Basi katika kurasa hizi twataka kutafuta kipimo. Twaanzia hapa tulipo, Ipuli, katika mji wa Tabora. Maana nchi hii ilikwisha kuingizwa katika hadithi ya namna hiyo zamani sana, tena katika kitabu kilichosomwa Ulaya nzima.

Katika mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alitoa mjini Paris riwaya yake ya kwanza, nayo yasimulia habari za watu watatu waliosafiri majuma matano juu ya Afrika katika puto, yaani mfuko mkubwa uliojazwa hewa nyepesi. Watu hao ni Daktari Samuel Fergusson, rafiki yake Dick Kennedy aliyekuwa mwindaji, na mtumishi wao Joe. Kwa masimulizi ya kitabu, waliondoka Unguja mwezi wa Aprili 1862, wakafuata njia ya misafara toka juu, hata wakafika Kaze. Ndivyo Burton na Speke walivyouita mji wa wafanya biashara katika Unyanyembe walipoingia mwezi wa Novemba 1857, na mahali hapo ndipo Tabora ya leo. Verne hakupata kufika huku. Alisoma habari za wasafiri hao na kuwataja katika kitabu chake, akaongeza ya kwake.

Kisa cha Kaze ni hiki. Watu wamejaa sokoni, na ghafula waona kitu kikubwa cha mviringo kikishuka toka mbinguni. Wadhani kwamba mwezi umewajia, na kwamba wale watatu ni wana wa mwezi. Waganga wamwita daktari aende kwa sultani mgonjwa. Naye amkuta mtu wa makamo aliyeharibiwa na ulevi, asiyejitambua, amtia dawa kinywani, na sultani ajitikisa kidogo. Joe huku nje aabudiwa, naye awachezea watu ngoma ya mwezini. Hata jua lilipokwisha kuchwa, mwezi wenyewe wachomoza. Watu waona miezi miwili, wang'amua kwamba wamedanganywa, wapiga kelele na kushika silaha, na wasafiri wakimbilia chombo chao. Mganga mmoja, akitaka kuizuia nanga, anaswa nayo na kuchukuliwa juu angani.

Hatukatai kwamba kisa hiki chachekesha, wala hatusemi kwamba Verne alikiandika kwa chuki. Alikuwa akiwaandikia vijana wa kwao, na kazi yake aliipenda. Tazameni jinsi alivyolitengeneza puto lake. Alikadiria kwamba litachukua mzigo wa ratili 4,000. Alieleza jinsi hewa ya haidrojeni itakavyopashwa moto ili chombo kipande, na kupozwa ili kishuke, pasipo kuimwaga. Hakuna fundi atakayesoma hesabu hizo asimheshimu mwandishi. Lakini mtoto wa Ipuli akisimuliwa habari za miezi miwili, la kwanza atakalouliza ni hili: Je, watu wale hawakujua mwezi huchomoza saa ngapi? Naye ana haki ya kuuliza. Wakulima na wasafiri waliohesabu siku zao kwa mwezi, wakijua lini utaandama na lini utajaa, ndio katika kitabu hiki walioshindwa kuutambua. Mwandishi aliyepima uzito wa hewa hakupima akili za watu.

Asili ya kosa hilo imo katika neno moja. Verne adai ya kuwa nchi yaitwa ya Mwezi kwa sababu wenyeji waliuabudu mwezi tangu kale. Watu wengi waijuao lugha hueleza jina la Wanyamwezi kwa njia nyingine: watu wa pwani waliwataja wale wa upande wa magharibi, ambako mwezi mwandamo huonekana kwanza; kwa hiyo jina lataja upande, wala halitaji ibada. Twawakumbusha wasomaji wetu jambo hili kwa kuwa ni kazi yetu kupima maneno. Neno moja lililofasiriwa kwa pupa limezaa sura nzima ya kitabu, na sura hiyo imewafundisha wageni wengi kuwaona watu wa Kaze kama watoto.

Nao ushahidi ulio kinyume ulikuwa karibu. Burton hakuwa mwepesi wa kusifu, na maneno yake mengi juu ya Wanyamwezi ni makali. Hata hivyo ameandika kwamba Fundikira, mtemi wa Unyanyembe zama zile, alikuwa njiani kwenda pwani, amechukua mzigo kama mpagazi katika msafara wa baba yake, alipopata habari kwamba mzee yu mahututi. Akautua mzigo, akarudi kutawala. Tena amekiri kwamba maarifa mengi ya nchi na ya lugha aliyapata Kaze kwa mwenyeji wake, Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi. Basi Kaze ya kweli ilikuwa na mtawala aliyeijua njia kwa mabega yake, na mtu wa elimu ambaye mgeni alikaa mbele yake akajifunza. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameizoea pwani. Mwandishi aliyetafuta maajabu angeyapata hapo. Akachagua mlevi na soko la wajinga.

Hapa ndipo tupatapo kipimo chetu. Uwongo wa hadithi ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni kubuni kitu: puto lisilopata kuwako, mauaji yasiyotokea, mapenzi ya watu wasiozaliwa. Uwongo huu si dhambi, maana msomaji ameukubali tangu alipokifungua kitabu. Namna ya pili ni kumnyima mtu akili ili kisa kipate kwenda mbele. Uwongo huu msomaji hakuukubali, wala hauoni. Huingia ndani yake kimya kimya, na kitabu kikisha kufungwa wabaki.

Tukikichukua kipimo hiki, twaona ya kuwa hata vitabu tulivyowapa vijana kwa mikono yetu vyahitaji kupimwa. Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha Rider Haggard, kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1929, kikasomwa sana shuleni. Humo wageni wawatisha wenyeji kwa kupatwa kwa mbingu. Katika chapa ya kwanza ya Kiingereza, ya mwaka 1885, lilikuwa jua lililopatwa, tena siku isiyowezekana kwa hesabu ya mwezi mpevu. Mwandishi alipoligundua kosa, katika chapa za baadaye aliligeuza, likawa kupatwa kwa mwezi. Alisahihisha mbingu, asiwasahihishe watu. Walakini haki itendeke: katika kitabu hicho hicho yumo Ignosi, mfalme aliyejificha katika hali ya mtumishi, mwenye subira na shauri, nasi twamkumbuka kuliko wengi waliokuwa naye. Mwalimu akisoma na vijana awaonyeshe yote mawili.

Sasa tutazame walioandika kwa Kiswahili tangu mwanzo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957/58, na kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka mwaka 1960. Ni hadithi ya upelelezi. Maiti yaonekana penye mzimu, na tukumbuke kwamba neno hilo hutaja roho za wafu na pia mahali pa kuziombea. Watu wana hofu. Lakini Bwana Msa, mwenye kiko chake na utulivu wake, auliza, apima, alinganisha maneno, hata aonyesha kwamba mkono uliotenda ni wa binadamu. Wengi wamesema ya kuwa amefanana na Sherlock Holmes, na ni kweli. Lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba mwenye akili katika kisa hiki hakushuka toka mbinguni. Ni mtu wa mji ule ule, asemaye lugha ya mji, ajuaye nani ni nani. Hofu ya mizimu haikutumiwa ili kuwacheka watu. Imefunguliwa kama fundo, mbele yao. Kwa Kiswahili chake pia kitabu hiki chafaa kuwa mkononi mwa kila mwalimu wa bara.

Baadaye zilikuja hadithi za mbio na risasi. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, na Kikosi cha Kisasi mwaka 1979. Shujaa wake ni Willy Gamba, mpelelezi ambaye adui zake ni wale waliozuia ukombozi wa kusini mwa Afrika. Vijana waliovisoma walimwona Mwafrika akishika usukani wa mambo makubwa ya dunia, na hilo si dogo. Lakini kipimo chetu hakimwachi mtu. Katika vitabu vya namna hii akili nyingi amepewa mmoja tu. Wanawake mara nyingi ni mtego au ni zawadi ya mshindi, na maadui hufa kama nzige, bila kuwaza. Ndiyo Kaze tena, ijapokuwa aliye juu katika puto sasa ni mtu wetu.

Hadithi za mapenzi ndizo ziogopwazo zaidi katika shule zetu. Twatoa mfano mmoja, ijapokuwa kitabu chenyewe chapita kiasi cha hadithi ya mapenzi ya kawaida. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, na kwa muda kilikatazwa shuleni Tanzania kwa kuwa chasema wazi mambo ya zinaa. Baadaye kikafundishwa katika shule hizo hizo. Rosa ni binti wa baba mlevi, mkali, ampigaye kwa sababu ya barua ya mvulana. Alindwa kwa fimbo, hafundishwi kuchagua. Na alipotoka nyumbani akawa peke yake na uhuru wake, apotea, hata mwisho ajiua. Twawaomba walimu waisome habari hii polepole. Baba yule alimtendea binti yake kama Verne alivyowatendea watu wa Kaze: alidhani kwamba hana akili ya kuamshwa. Nasi, tukinyang'anya kitabu pasipo neno, twamtendeaje mwanafunzi?

Mwisho twataja hadithi ya chombo cha angani iliyotungwa na mtu wa huku. Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi mwaka 1995. Dzombo amehukumiwa kufa, atiwa katika chombo na kurushwa angani, na waliomtia wadhani amekwisha. Yeye aweza kukiongoza, ashuka katika nchi ngeni. Watu wa nchi hiyo hawamwabudu wala hawamkimbii; wampokea kama mgeni na kumfundisha taratibu za kuishi kwa haki. Kitabu kina kasoro zake, maana mara kwa mara watu wake huhutubu badala ya kuzungumza, na kisa husimama kuwangoja. Lakini jina la nchi ile latosha kuwa somo zima. Walenisi maana yake ni: wale ni sisi. Zaidi ya miaka 130 baada ya puto la Verne, mtu ameshuka tena toka angani, na safari hii waliosimama chini wana la kumfundisha.

Basi shauri letu ni hili, ndugu walimu. Mkikikuta kitabu chini ya dawati, msikichome wala msijifanye hamkukiona. Kisomeni kwanza. Kisha mwulizeni kijana maswali matatu: Katika hadithi hii ni nani aliyepewa akili? Ni nani aliyenyimwa? Na wewe ulipokuwa ukisoma, ulisimama wapi, juu katika puto ama chini sokoni? Swali la tatu ndilo zito. Mtoto wa Tabora asomaye kisa cha Kaze hupanda katika puto bila kujua, akawacheka watu walio chini. Na watu hao ni babu zake, na soko hilo ni njia aipitayo akienda shule. Asipopata mtu wa kumwuliza, aweza kuishi miaka mingi akiwatazama wa kwao kwa macho ya Fergusson. Akiulizwa mara moja, hushuka mwenyewe.