Dipufeki katika kampeni: tumtafute aliyeficha mkono



Wanaoijua Yide Lu hapa Guangzhou wanajua ni mtaa wa biashara ya jumla: kuna maduka ya samaki wakavu, kuna maduka ya vitu vya kuchezea watoto. Simu ya plastiki inauzwa pale peupe na hakuna anayemwita muuzaji tapeli. Simu hiyohiyo ikitiwa kwenye boksi la simu ya kweli na kuuzwa Kariakoo, hapo ndipo wizi unapoanza. Kitu ni kilekile. Kilichobadilika ni kile alichoaminishwa mnunuzi.

Naleta mfano huu kwa sababu mjadala wa dipufeki, yaani sura na sauti za watu zinazoghushiwa kwa akili mnemba, unakwenda kombo kila ukigusa kampeni za siasa. Tunabishana kama picha ni ya kweli au ya bandia, basi. Mie naona tuulize pia: nani kadanganywa, na nani kajificha?

Tazameni Kenya. Desemba 2024 vijana kadhaa walitekwa, baadhi yao baada ya kusambaza picha za kumkejeli Rais Ruto, ikiwemo moja ya akili mnemba iliyomwonyesha ndani ya jeneza. Polisi walikana kuhusika. Baadhi ya vijana hao waliachiwa Januari 2025. Picha ile ilikuwa kali, na anayesema haina adabu ana haki yake. Lakini ilikuwa kejeli, sio taarifa ya msiba.

Sasa linganisheni na uchaguzi wa 2017 nchini humohumo. Kampeni ya mtandaoni iliyoitwa The Real Raila iliwatisha wapiga kura kwa video ya Kenya ya njaa na ugaidi, eti Raila Odinga akishinda. Mtengenezaji hakujitaja. Ni Desemba mwaka huo, uchaguzi umeshapita, ndipo shirika la Privacy International lilipoeleza kwamba kazi ile ilikuwa ya Harris Media, kampuni ya Texas. Akili mnemba haikuhitajika hata kidogo. Aliyeficha mkono alilala kwake salama, na miaka saba baadaye aliyekejeli hadharani ndiye akatekwa.

Wapo wanaosema tuweke alama tu, mambo yamekwisha. China, tangu tarehe 1 Septemba 2025, inalazimisha maudhui ya akili mnemba yawekewe alama. Ni jambo jema, ila halitoshi. Video ikishakatwa na kurushwa WhatsApp, alama inabaki njiani. Halafu kuna kesi ambayo alama haiigusi kabisa. Januari 2024 huko India, katika hafla ya mwanasiasa wa chama cha DMK, alionekana kwenye skrini M. Karunanidhi, aliyefariki 2018, akimsifu mwanawe Stalin, Waziri Kiongozi wa Tamil Nadu wakati huo. Hapo hakuna aliyedanganywa, kila mtu alijua mzee kafa. Ila kinywa chake kiliazimwa, na yeye hayupo wa kukataa.

Hebu fikirini Mwalimu Nyerere, aliyetutoka 1999, akitolewa na hotuba mpya kumnadi mgombea ambaye hakumjua. Hotuba zake za kweli tunazo, kila chama kinukuu kitakavyo. Hiyo mpya, hata ikiwa na alama kubwa kama mlango, ni kumsemesha marehemu.

Kwa hiyo kanuni za maadili ya uchaguzi kwetu zidai mambo matatu: alama, jina la aliyelipa, na ruhusa ya mwenye sura. Kejeli iliyo wazi isihitaji ruhusa ya anayekejeliwa, kwani hakuna mkubwa atakayeitoa. Na kanuni hizo zianze kumbana aliyeko madarakani, maana ndiye mwenye fedha na ndiye mwenye polisi. Zikianza na mchora katuni, jamani, tujue hazikuandikwa kwa ajili ya mpiga kura.