Jina la Kanga Nje ya Nyumba Yake: Uhakiki wa Usomaji Wetu

Makala haya yanahoji mazoea yaliyokita mizizi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, yaani mazoea ya kuyachukua majina ya kanga, kuyapanga katika orodha, kuyagawa kwa dhamira (mapenzi, wivu, malezi, dini), kisha kutangaza kwamba tumeyachambua. Nayasema haya nikiwa miongoni mwa watuhumiwa. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili nilikusanya majina ya kanga madukani, nikiyanakili kutoka kwenye vitambaa vilivyokuwa bado vimekunjwa rafuni. Sikumwuliza hata mwanamke mmoja aliyeivaa. Orodha ilikuwa ndefu, majedwali yalikuwa safi, na mtahini aliridhika.

Si kwamba hatukuonywa. Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga na sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili, alikwisha kutuelekeza kwenye matumizi: ujumbe hutumwa bila kumtaja mlengwa, na anayejihisi kuguswa ndiye anayejitambulisha. Rose Marie Beck naye ameupa utata huo uzito wa kinadharia, kwa kuwa mvaaji hubaki daima na nafasi ya kukana kwamba alimsema mtu. Kazi hizi hunukuliwa karibu katika kila tasnifu ya mada hii ninayoombwa kuitahini. Hunukuliwa katika sura ya mapitio, kisha sura ya uchambuzi huendelea na jedwali lilelile.

Tuchukue jina moja mashuhuri: *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Katika orodha zetu jina hili huwekwa chini ya "wivu" au "maonyo", na mhakiki hupita. Lakini tazama lilivyojengwa. Kitenzi *safiria* kimebeba kauli ya kutendea inayoifanya nyota kuwa chombo cha safari. Ni lugha ya mabaharia waliopata njia usiku kwa kutazama angani. Papo hapo, nyota ni bahati ya mtu, ile anayozaliwa nayo. Maana hizi mbili zimefungwa katika maneno manne, wala hakuna iliyo juu ya nyingine. Halafu kuna *mwenzio*. Vitabu vyetu vya sarufi huutaja muundo huu, pamoja na *mamako* na *dadake*, kama ufupisho wa kimilikishi, jambo ambalo ni sahihi lakini halitoshi. Muundo huu huelekea kushikamana na majina ya watu wa karibu: mzazi, ndugu, mume, mke, mwenzi. Hatusemi *mezayo*. Kwa hiyo jina hili, kabla hata halijamfikia mlengwa, limekwisha kudai kwamba kati ya msemaji na msemwa upo ujamaa.

Sasa liweke nyumbani. Mama akimpa binti yake kanga hii anapoolewa, ni wasia: ishi kwa riziki yako, usijipime kwa jirani. Mke mwenza akiianika kwenye kamba ya uani, upande unaoelekea dirisha la mwenziwe, ni shtaka. Bibi akiivaa jikoni kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu ya nyingine sandukuni, huenda si neno kabisa, ingawa mkaza mwana aliyekosana naye jana hataamini hivyo. Maneno hayakubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni nani ameinunua, kwa ajili ya nani, na kwa macho ya nani. Hayo matatu hayamo katika jedwali lolote nililowahi kulitahini, wala katika langu mwenyewe.

Mikusanyiko huongeza tabaka jingine. Harusini, wanawake wa upande mmoja huvaa sare, na jina ambalo lingekuwa la mtu mmoja huwa la ukoo mzima. *Nani kama mama* ni zawadi nyepesi mtoto anapomkabidhi mzazi wake. Likivaliwa na shangazi na mama wadogo wa bwana harusi, wamejipanga mbele ya bibi harusi anayeingia, swali lile lisilo na kitenzi huanza kusikika kama sharti. Aliyebuni jina hakuyajua haya, na mhakiki anayemtafuta mtunzi atamkosa. Utunzi wa kanga hukamilishwa na mnunuzi.

Nageukia upande wetu wa bara, kwa sababu hapa hoja hukutana na kipingamizi kizito. Nchini Uganda kanga huitwa *leesu*, na imo katika nyumba zisizo na msemaji hata mmoja wa Kiswahili. Humpokea mtoto mchanga, hufungwa kiunoni shambani, hujitanda mgonjwa. Maandishi ya Kiswahili yamo palepale kwenye pindo, na mara nyingi mvaaji hajui yanasema nini. Je, hii haithibitishi kwamba jina ni pambo tu? Nadhani inathibitisha kinyume chake. Inaonyesha kwamba jina lililoondolewa katika nyumba ya wasemaji wake hunyamaza hata likiwa limeandikwa kwa wino mweusi na herufi kubwa. Wenzetu wa orodha wamelifikisha jina katika hali hiyohiyo, ila wao wanajua kusoma.

Hapa ndipo suala hili linapowahusu washauri wa sera. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Haya ni mafanikio. Hata hivyo, Waganda wengi wa rika la wazazi wangu walikisikia Kiswahili kwanza kwa askari, kizuizini na kambini, kikiwa lugha ya amri. Mtoto wao akirudi nyumbani na zoezi la Kiswahili, mzazi haulizi ufasaha. Anauliza inatumika kumwambia nani nini. Vitabu humjibu kwa somo la "Familia Yetu": baba, mama, kaka, dada, meza, kiti, kabati. Hakuna anayempenda mwenziwe katika somo hilo, hakuna anayenuna, hakuna anayesamehewa. Kwa mwalimu anayetaka kuonyesha kwamba Kiswahili kina nyumba, kitambaa kilichomo tayari katika sanduku la mama ya mwanafunzi ni msaada wa karibu kuliko picha ya sebule iliyochorwa na mtu asiyemjua.

Najua hatari yake. Majina mengine yana matusi ya chinichini ambayo mwalimu wa darasa la sita hatapenda kuyafafanua. Vilevile, mtafiti anayeuliza "ulimvalia nani?" anaingia katika ugomvi wa watu, na ridhaa ya maandishi haitoshi pale jirani anaposoma makala na kujitambua. Ndiyo sababu sipendekezi tukusanye ugomvi. Napendekeza tuanze na kanga za zawadi, ambazo mtoaji na mpokeaji hupenda kuzisimulia, na tuanzie mitaa ambamo Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa mbali na pwani, kama Buyenzi mjini Bujumbura na Nyamirambo mjini Kigali. Wanawake wa mitaa hiyo wanajua kusoma jina na kusoma macho ya aliyelivaa, nao ni majirani wa shule zinazotafuta walimu.

Mwaka huu nimebadilisha fomu ninayowapa wanafunzi wangu wanapokwenda uwandani. Safu ya "dhamira" nimeifuta. Mahali pake pana safu tatu: aliyetoa, aliyepokea, na siku gani. Mwanafunzi wa kwanza aliyerudi alikuwa na majina manne tu, akaomba radhi kwa uchache wake. Alihitaji kurasa kumi na moja kuyaeleza.