Angustias na Herufi za Mwalimu: Usawiri wa Mmeksiko Mweusi

Riwaya ya Francisco Rojas González, La negra Angustias, ilitolewa mwaka 1944 na kutunukiwa Tuzo ya Kitaifa ya Fasihi nchini Meksiko. Mhusika wake mkuu ni mwanamke mweusi, binti wa mnyang'anyi Antón Farrera, ambaye anafikia cheo cha kanali miongoni mwa wapiganaji wa Zapata. Kijuujuu, huku ni kumtambua Mmeksiko mweusi kuwa mmoja wa waasisi wa taifa. Makala haya yanashikilia kwamba utambuzi huo una masharti, nayo masharti yamefumwa katika msuko wenyewe.

Angustias hajui kusoma. Anapotaka kufundishwa, anapewa Manuel de la Reguera, mwalimu mweupe, naye anampenda. Tangu hapo kanali aliyeamrisha wanaume anafifia hatua kwa hatua, hata anaishia jijini Mexico chini ya himaya ya mwalimu huyo. Herufi zilizotarajiwa kumkomboa ndizo zinazomnyamazisha.

Yamkini msomaji atasema kwamba suala hapa ni la jinsia, wala si la rangi. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshelezi. José Vasconcelos, aliyeongoza Wizara ya Elimu kuanzia 1921 hadi 1924, alitoa La raza cósmica mwaka 1925, akitabiri mchanganyiko wa mataifa yote ambamo weusi ungeyeyuka. Katika itikadi hiyo, mtu mweusi hukaribishwa nyumbani kwa ahadi ya kutoweka. Mapenzi ya Angustias kwa mwalimu ni kielelezo cha ahadi hiyo.

Matilde Landeta, katika filamu yake iliyoonyeshwa mwaka 1950, alibadilisha hatima hii: Angustias anarejea vitani. Hata hivyo, nafasi yake iliigizwa na María Elena Marqués, mwigizaji asiye mweusi, aliyepakwa rangi. Mhusika alirudishiwa sauti, ila mwili wake ukaazimwa kwa mwingine.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Mwaka 1997 jamii za weusi zilikutana El Ciruelo, jimboni Oaxaca, kudai watambuliwe kwa jina lao. Ni mwaka 2019 tu ambapo Kifungu cha 2 cha Katiba kiliwataja, na sensa ya 2020 ikahesabu watu 2,576,213 waliojitambulisha hivyo, yaani takribani asilimia 2 ya wananchi.

Sheria na sensa zimefanya yaliyo yao. Mhakiki naye hana budi kufanya yake. Katika pwani ya Costa Chica, watu weusi wamekuwa wakitongoa na kujibizana kwa mashairi ya papo kwa papo bila kumngoja mwalimu wa kuwapa herufi. Maadamu utanzu huo unaachiwa wanaethnografia, huku Angustias akisomwa kama sauti ya watu wake, historia ya fasihi ya Meksiko itakuwa ingali inadai sharti lile lile la mwaka 1944.