Sifa za Somo Refu

Kengele ya kigango chetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe kwa mnyororo. Ikigongwa mara ya kwanza, akina mama walikuwa bado wanaogesha watoto. Ya pili ilitukuta njiani. Ya tatu ilimkuta Mwalimu ameshasimama mlangoni na koti lake la kahawia, lile lile, jua liwake au mvua inyeshe, akiitikia "Milele, amina" kwa kila mmoja aliyemsalimu, mkubwa kwa mdogo, bila haraka.

Ni upande wa Songea, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka parokiani. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na tangu hapo imani ya vijiji vile imebebwa zaidi na watu wa aina ya Mwalimu kuliko na mapadri, kwa sababu mapadri hawakutosha kamwe. Padri alitufikia mara moja kwa mwezi, na masika pengine asifike kabisa. Jumapili nyingine zote zilikuwa za Mwalimu. Neno katekista tulilisikia padri akija. Sisi tulimwita Mwalimu. Alikuwa mkulima kama baba zetu, na akichonga mipini ya majembe. Hakukalia kiti cha padri hata siku moja. Alisimama kando ya altare, akasoma, akasema maneno machache, tukasali, tukaimba, tukarudi nyumbani.

Maneno hayo machache ndiyo ninayotaka kuyasifu. Tangu hapo nimesikia mahubiri mengi, mengine ya mapadri wenye shahada mbili tatu, na yapo yaliyonitoa machozi. Lakini ufundi wa kuichukua Injili ya Jumapili na kuifikisha kwa watu waliochoka bila kuimwaga njiani, niliuona pale, chini ya bati lililotoboka.

Fundi huyu hachagui mbao zake, anapewa. Zamani masomo ya Misa za Jumapili yalijirudia kila mwaka, tena yalisomwa kwa Kilatini. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano yakapangwa upya kwa mzunguko wa miaka mitatu ulioanza Majilio ya 1969: mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka. Yohane anasikika hasa Kwaresima na Pasaka, kisha anaazimwa Jumapili tano mfululizo katikati ya mwaka B, maana Marko ni mfupi. Mwalimu alihesabu hata mavuno kwa kalenda hiyo. "Mwaka wa Luka ule, mahindi yalikaukia shambani," angesema, na wazee wakakumbuka.

Kwa kuwa somo linajulikana mapema, alianza kazi Jumatatu. Mpini mbichi, alituambia sisi watoto tuliomzunguka akichonga, ukiutia jembe leo unapasuka kesho. Uweke kwanza darini juu ya meko, ule moshi. Somo nalo alilipa moshi wa juma zima. Asubuhi alilisoma kwa sauti, mara mbili, kisha akaenda nalo shambani kichwani. Jioni alimuuliza mkewe amesikia nini. Mkewe hakujua kusoma, na nadhani nusu ya tafakari tulizozisikia zilitoka kwake, ingawa naye Jumapili alikaa nyuma akisikiliza kama sisi wengine.

Nakumbuka vizuri Julai 1991, mwaka wa Marko, Jumapili ambayo Yohane anaanza kusimulia mikate. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hadithi nilidhani naijua: mikate mitano, samaki wawili, watu elfu tano, vikapu kumi na viwili vya mabaki. Mwalimu alisoma hadi mwisho, akafunga kitabu, akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Pale walipoketishwa pana nini?"

Mtoto mmoja akasema, nyasi. Nyasi nyingi.

"Marko anasema ni mbichi," akaongeza Mwalimu. "Haya. Nyasi mbichi ni mwezi gani?"

Watu wakacheka kidogo. Nje ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nyasi mbichi ni masika, kila mtu anajua. Januari, Februari, Machi. Mwalimu akauliza tena, taratibu, "Na mwezi wa pili ghalani kuna nini?"

Hakuna aliyecheka. Mwezi wa pili ghalani kwetu kuna panya na makapi. Mahindi ya mwaka jana yameisha, ya mwaka huu yako kiunoni, yanapendeza macho na hayaliwi. Ndio wakati ambao majirani hawatembeleani saa za kula, ili wasiaibishane. Mwalimu alitueleza kwamba Yohane anataja Pasaka kuwa karibu, na kwamba katika nchi ile shayiri huanza kuvunwa nyakati hizo za Pasaka. Akiba ya watu ilikuwa ukingoni. Mikate ya mtoto yule wa Injili ilikuwa ya shayiri, chakula cha maskini, kama sisi na uji wa mtama. "Kuna mama alimfungia mtoto mikate mitano wakati wa njaa," alisema. "Hatujaambiwa jina lake." Akaketi.

Ndiyo yote. Labda dakika tano. Mwaka 2024 Papa Fransisko aliwaasa mapadri kwamba mahubiri yasizidi dakika nane, na magazeti yakaandika kana kwamba ni jambo jipya. Mwalimu hakuwa na saa.

Nimelirudia tukio lile mara nyingi nikijaribu kuona fundi aliweka wapi mkono wake. Hakuongeza kitu. Nyasi zimo kwenye Injili, shayiri imo, Pasaka imo. Alichofanya ni kukataa kuzipita. Sisi tulikuwa tunakimbilia muujiza. Yeye alituketisha kwanza kwenye nyasi, kama walivyoketishwa wale elfu tano. Na alijua jambo ambalo msomi wa mjini huenda asilijue hata akisoma vitabu ishirini, kwamba kijani kibichi ni rangi ya njaa.

Wapo wanaofafanua muujiza huu kwa kusema kwamba kila mtu alikuwa amekificha chakula chake, kisha mtoto akawatia haya wakakitoa. Sina subira nao. Ni watu ambao hawajawahi kuwa na ghala tupu. Wanadhani njaa ni uchoyo wa kificho. Mwalimu hata hoja hiyo asingeielewa.

Aliheshimu pia masikio ya watu. Siku ya mwana mpotevu, mama mmoja mzee alinyoosha mkono katikati ya tafakari na kuuliza, mama yao hao vijana alikuwa wapi? Mwingine angemnyamazisha. Mwalimu alifikiri, akasema hajui, akamwomba yule mama aende nalo nyumbani swali hilo. Mpaka leo ninapoisikia Luka sura ya 15, simwoni baba anayekimbia barabarani kabla sijamtafuta mama jikoni.

Watu wa namna hii hawaandikwi sana. Anakumbukwa Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea tiba kisiwani Malta, akahudumu Karema kando ya Ziwa Tanganyika kama tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko alitoa barua iliyoufanya ukatekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa, yenye ibada yake ya kusimikwa. Mwalimu wetu alikuwa ameshazikwa. Koti lile alizikwa nalo.

Mimi siku hizi ni Mkristo wa Dar es Salaam, wa Jumuiya Ndogo Ndogo inayokutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba hadi nyumba, kabla jua halijawa adui. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya hizi kipaumbele katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976, na zimetuzoesha kitu ambacho babu zetu hawakuwa nacho: mlei wa kawaida, fundi bomba, muuza chapati, anaifungua Injili na kusema imemgusa wapi. Jumuiya nyingine hufuata zile hatua saba zilizotoka Lumko, Afrika Kusini. Sisi tunazifuata tukizikumbuka, yaani hatua nne hivi.

Zamu yangu ya kwanza ya kuongoza tafakari niliiharibu. Nilikuwa nimekusanya kwenye simu tafakari tatu za mapadri maarufu, zile zinazotumwa kwenye makundi kila alfajiri, nikaziunga. Nikataja neno la Kigiriki. Nikapanga hoja kwa herufi. Nikaenda dakika ishirini na tano, mtoto wa mwenye nyumba akalia, kuku wakaingia sebuleni wakatoka. Nilipomaliza, mama mwenyekiti wetu, ambaye ni muuza samaki wa Feri, alinishukuru kwa adabu zote: "Asante mwanangu, umesoma sana. Sasa hebu tukumbushe, Injili yenyewe ilisemaje?"

Nilikuwa nimeisoma mara moja, mbio, ili nifike kwenye hoja zangu.

Ndipo nikaikumbuka Novemba ya mwaka ule ule wa 1991. Jumapili ya 32 ya mwaka B ni ya mjane na sarafu zake mbili, na kitabu cha masomo kinatoa ruhusa ya kusoma somo fupi, linaloanzia pale Yesu alipokaa kulielekea sanduku la sadaka. Kigangoni tulikuwa na mchango wa bati jipya. Walioshika hesabu walitaka mjane yule atusaidie kuchangisha, kama anavyotumiwa kila mahali mpaka namuonea huruma. Mwalimu alisoma somo refu. Aliwasoma kwanza waandishi wanaopenda kanzu ndefu na salamu za sokoni na viti vya mbele, wanaokula nyumba za wajane huku wakirefusha sala. Halafu, bila kupumua, mjane mwenyewe anaingia na kila alichonacho.

Kijijini mwetu palikuwa na mjane ambaye shemeji zake walikuwa wamemtoa nyumbani kwake. Shemeji hao walikuwa wamekaa benchi la pili. Mwalimu hakuwatazama, na hakuongeza hata neno moja siku ile. Ndiyo Jumapili pekee ninayokumbuka hakutoa tafakari. Aliacha kimya kirefu, kisha akaanzisha Nasadiki. Kuhusu nyumba ile siwezi kusema mengi, nilikuwa mtoto. Bati tulikuja kulipata baada ya miaka.

Novemba 2024, mwaka B umezunguka tena, zamu yangu ikaangukia Jumamosi ya kuamkia Jumapili hiyo. Tulikuwa kumi na wawili kwenye ua wa nyumba ya kupanga, juu ya mkeka na viti vya plastiki, na mfuko wa zaka umeshawekwa mezani karibu na mshumaa. Nilikuwa nimekaa na somo tangu Jumatatu, ndani ya daladala, kwenye foleni ya benki. Simu niliiacha nyumbani. Nilisoma refu, polepole, nikafunga Biblia, nikanyamaza. Mikono ilikuwa ikinitoka jasho, kwa sababu sikuwa na kitu kingine mfukoni.

Kimya kilikaa. Pikipiki ikapita nje. Mama mmoja, ambaye mwaka mzima amekuwa akihudhuria mahakama ya mirathi na hajawahi kutuambia kwa nini anachelewa jumuiya, alisogeza khanga yake mabegani.

"Soma tena," akasema. "Anzia pale penye nyumba."

Nikafungua, nikasoma tena.