Sauti ya Nani? Utambuzi wa Wito wa Upadre katika Riwaya ya James Joyce

Katika Kiswahili, nomino "wito" inatokana na kitenzi "ita", na aghalabu mtu husema "nimeitwa" pasi na kumtaja aliyemwita. Kauli hiyo ya kutendwa humficha mtenda, na hapo ndipo lilipo tatizo la kila kijana anayejipima kama ana wito wa upadre: sauti anayoisikia ni ya nani? Makala haya yanalichunguza swali hilo katika sura ya nne ya A Portrait of the Artist as a Young Man (1916), riwaya ya James Joyce. Mara nyingi sura hiyo husomwa kama ushindi wa sanaa dhidi ya dini. Rai yetu ni tofauti. Tunashikilia kuwa Stephen Dedalus anaukataa upadre kwa nidhamu ile ile aliyolelewa nayo na mapadre wake.

Nidhamu hiyo ina chimbuko lake. Inyasi wa Loyola, mwasisi wa Shirika la Yesu, aliweka kanuni za kupambanua roho katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Kwa mujibu wa kanuni hizo, wazo jema kwa sura yake ya nje halitoshi. Sharti lipimwe mwanzo wake, kati yake na mwisho wake. Likiishia katika jambo baya au pungufu, au likiiondolea nafsi utulivu iliokuwa nao, basi halikutoka kwa roho mwema.

Tuitazame sasa sura yenyewe. Stephen ni mwanafunzi wa Wajesuiti katika Belvedere College mjini Dublin, naye yumo katika kipindi cha uchaji mkali. Mkurugenzi anamwita faraghani. Amesimama dirishani, mgongo kwenye mwanga, uso gizani, huku vidole vyake vikichezea kamba ya pazia na kuifunga kitanzi. Taswira hiyo ni nzito: anayedai kuipeleka sauti ya Mungu hana uso, na mkononi ana kitanzi. Tena hoja anayoitanguliza si utumishi. Anasifu uwezo wa padre, uwezo ambao hakuna mfalme wa dunia aliye nao. Stephen naye anavutwa na jambo hilo hilo: kujua siri za dhambi za wengine ilhali yeye mwenyewe amejitenga nazo. Huo ndio mwanzo wa wazo, nao ni kiburi.

Kati yake inajitokeza mlangoni, wanapoagana. Vijana wanne wanapita barabarani wakifuata muziki wa kinanda cha mkono. Stephen anauinulia macho uso wa padre na kuuona hauna furaha, kisha anauondoa mkono wake polepole. Kumbukumbu ya harufu ya korido za Clongowes, shule yake ya kwanza, inamrudia, na utulivu unamtoka. Anajaribu kuuona uso wake mwenyewe akiwa padre, asiweze. Huo ndio mwisho wa wazo. Mwalimu yeyote wa Mazoezi angemwambia asiuamini wito wa namna hiyo. Stephen basi amelitii somo kuliko mkurugenzi aliyepaswa kulifundisha.

Hata hivyo, hatuna budi kuongeza hoja ya pili, ambayo wanaomshangilia Stephen huipuuza. Baadaye, ufukoni, anapata wito mwingine. Wenzake wanalitamka jina lake kwa mzaha, naye anausikia ndani yake unabii. Anamwona msichana amesimama majini na nafsi yake inajaa shangwe. Wito huu haupimi kabisa. Haulizi mwanzo wake wala mwisho wake, ingawa kiburi kile kile cha kujitenga kimo humo. Kazi ya kuupima inafanywa na mtunzi. Sura ya tano inafunguka kwa chai nyepesi na mkate wa kukaanga katika nyumba ya ufukara, na katika Ulysses (1922) Stephen aliyeondoka kwa matumaini makubwa amerudi Dublin bila ya kazi kubwa aliyoiahidi.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Katika semina zetu neno "wito" huelekea kupokewa kwa kebehi, kana kwamba kila anayeitwa amedanganywa na kila anayekataa amekombolewa. Msimamo huo ni finyu kuliko hata sheria ya Kanisa lenyewe: kanuni ya 1026 ya mwaka 1983 inakataza kabisa kumlazimisha mtu kwa namna yoyote apokee daraja takatifu, na vilevile inakataza kumzuia anayefaa. Uhuru unatakiwa pande zote mbili. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, aliyewahi kuishi seminarini, alitueleza kuwa yeye hakuiacha njia ile kwa sababu alikoma kusikia, bali kwa sababu alisikiliza hadi mwisho. Uhakiki usioweza kumsadiki mtu kama huyo hauwezi kumsoma Stephen. Tunapendekeza basi kuwa wahusika wa aina hii, wawe wamekubali au wamekataa, wapimwe kwa namna walivyosikiliza kabla ya kupimwa kwa jibu walilotoa.